Mtu Aliyeomba Aondolewe Kwenye Salamu

Bwana yangu Ismaël akitoka kwenda kununua sabuni, mimi naziacha nguo kwenye maji nakwenda kufanya kazi nyingine. Duka liko palepale, ukikohoa wanakusikia. Lakini kati ya mlango wetu na lile duka wako watu, na Ismaël hawezi kumpita mtu bila kumsalimia, wala hawezi kumsalimia mtu bila kumwuliza mke, watoto, wazazi, ule mguu uliokuwa unamuuma na lile bati lililoezuliwa na upepo. Hapo mwingine anatokea, amesikia mwenzake anasalimiwa, na yeye anasimama kungoja zamu yake. Siku moja nilichoka, nikaazima sabuni kwa jirani, nikafua, nikaanika, na nguo zilikuwa zimekauka zote aliporudi kunionyesha kipande chake.

Nayasema haya mapema usije ukadhani mimi ni mwanamke wa maneno tu. Ni mwanamke wa maneno, sikatai, Kindu nzima inajua, lakini maneno yangu yana sababu, na sababu yenyewe njo huyo, ndiye Ismaël.

Ugonjwa wake wa salamu ulianza wakati wa vita, hapa kwetu Kongo. Treni ilikuwa imelala, boti hazipandi mto wala hazishuki, na mtu akitaka chumvi anangoja baiskeli itoke msituni. Simu hazikuwepo. Kilichokuwepo ni foni, ile redio ya kuongea na miji ya mbali, yenye betri ya gari na waya uliofungwa kati ya michikichi miwili. Ismaël, kijana mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, njo alikuwa mwendeshaji. Watu walijaa kwenye benchi tangu asubuhi, kila mmoja anangoja aitiwe ndugu yake wa Lubutu au wa Kasongo, na yeye ameshika chombo mdomoni: "Lubutu, Lubutu, hapa Kindu. Unanipata? A vu." Ukishasema hiyo "a vu" unanyamaza, maana zamu imekuwa ya mwenzako.

Sasa, kwenye foni hakuna siri. Ukisema neno, benchi zima la hapa linasikia, na benchi zima la kule linasikia. Ukimsalimia shangazi ukamsahau mjomba, mjomba anapata habari siku ileile, na umeongeza vita juu ya vita. Hapo njo Ismaël alijifunza kutomruka mtu. Habari yenyewe inaweza kuwa maneno mawili, mtoto amepona, lakini ilikuwa inafuatana na majina mengi hadi betri inaanza kufa.

Alijifunza na jambo lingine, kutoka kwa mfanyabiashara mmoja anayeitwa Mardochée. Huyu aliuza chumvi, na chumvi yake ilikuwa na mchanga. Akawapa waendeshaji wa foni wa kila mji fungu la chumvi, ili kila wakifungua redio waseme kwamba chumvi safi ya Kindu ni ya Mardochée. Wengine walikubali. Ismaël alikataa, na tusidanganyane, haikuwa utakatifu, ni kwamba alikuwa ameionja. Mwanzoni watu waliikimbilia hiyo chumvi. Kisha wakatafuna mchanga. Baadaye jina la Mardochée likitajwa, benchi zima linacheka, na ubaya zaidi, mwendeshaji aliyelitaja hata akileta habari ya kweli watu wanamwuliza hiyo nayo amelipwa na nani.

Mimi sikuwepo Kindu siku hizo. Risasi zilipoingia mtaani kwetu kila mtu alikimbia upande wake, na mimi nikaja kutokea mahali panapoitwa Kama, kwenye machimbo ya dhahabu, nikawa nauza mihogo. Baba yangu mzazi alikuwa amefariki kabla ya vita. Aliyenilea ni mdogo wake, baba mudogo Aboubakar, mtu wa reli, aliyekuwa akipokea treni pale gare, stesheni yetu, hadi treni zenyewe zilipokoma. Yeye njo alikwenda kwa Ismaël, ambaye hata hakumjua, akamwomba anitafute mimi, Sofia.

Ismaël hakunitangaza kama chumvi. Alipita kituo kimoja kimoja akiuliza. Kila aliyemjibu kwamba amesikia kuna binti mahali fulani, alimwambia neno lilelile: "Musiniambie mulichosikia. Muniambie nani alimuona kwa macho." Aliuliza hivyo hadi watu wa benchi wakamchoka. Hata baba mudogo mwenyewe akaacha kuja. Siku moja mwendeshaji wa Kama akasema Sofia hamjui, ila iko binti mmoja wa Kindu pale sokoni anayegombana na kila mwenye mizani. Ismaël akatuma mtu mbio amwite baba mudogo, na baba mudogo alipoelezwa hiyo tabia akasema njo yeye, hakuna mwingine.

Wakanileta kwenye redio. Sauti ya kwanza kuisikia kutoka nyumbani ilikuwa ya mtu nisiyemjua, ananisalimia mimi, na majirani zangu wa Kama, na mwendeshaji, na mwenye mizani niliyetoka kugombana naye asubuhi ile. Nikamkatiza, nikamwambia amalize upesi niongee na baba yangu. Vita ikatulia, nikarudi Kindu, nikaolewa na ile sauti. Kosa ni langu.

Siku hizi ile foni imekuwa kitu cha kulalia kuku wetu, na Ismaël anatengeneza tovuti. Mtu ana mashua za kukodisha, mtu anauza mchele, anakuja kwa Ismaël, anatengenezewa ukurasa wake, dunia inamwona. Hata baba mudogo Aboubakar, baada ya kustaafu, alitengenezewa yake, na kila juma anaandika humo habari za reli yetu, injini gani ilianguka wapi, daraja gani lilijengwa na nani. Usicheke. Wapenda treni wa nchi za mbali wanamsoma yule mzee na kubishana naye juu ya bolti.

Na mimi nina nyumba. Ni nyumba ya marehemu baba, nyuma ya gare, vyumba vimefuatana, mbele kuna baraza pana. Kwenye baraza hilo baba alifundisha watoto wa mtaa kusoma Kurani, na ukutani bado kuna alama za migongo yao. Niliigeuza kuwa nyumba ya wageni. Ndugu zangu walioko Kisangani, tunaorithi pamoja, walinipa nafasi hadi Idd. Nyumba isiyokaliwa inaoza, walisema, na mvua za Maniema tunazijua. Ikifika Idd vyumba ni vitupu, ataichukua Mardochée. Ndiyo, yuleyule. Sasa ana baa, amenenepa, na alikuwa analitamani lile baraza alitie taa za rangi na spika. Nilipofikiria kreti za bia pale watoto walipokuwa wanaweka mbao zao za kuandikia, nililia, na mimi si mtu wa kulia.

Wageni wa leo hawaulizi njiani. Fundi wa reli au mnunuzi wa dhahabu, kabla hajaondoka kwao, anaandika kwenye simu "kulala Kindu", na anakwenda kwa yule anayetokea juu. Kwa hiyo Ismaël akanitengenezea tovuti, yenye picha za vyumba, tangi la maji na samaki ninaowapikia wageni. Akanieleza kwamba ile mashine ya kutafuta haikuamini ukijisifu mwenyewe. Inatazama nani wengine wanakutaja kwenye kurasa zao na kuweka kiungo, yaani yale maneno ukiyabonyeza yanakuleta kwako. Ukitajwa na watu wanaoaminika, unapanda. Nikasema hiyo si ni foni tu. Akasema njo foni kabisa. Tukaanza kupanda taratibu, hadi tukaingia ukurasa wa kwanza, mwisho mwisho.

Halafu mwenyewe akaharibu.

Alikuwa amemtaja kwenye tovuti yangu, kwa haki kabisa, Fadhili wa mashua, maana wageni wetu wanavuka naye kwenda Alunguli, ng'ambo ya mto. Lakini ukimtaja Fadhili, utamwachaje Hawa wa mchele? Ukimtaja Hawa, utamwachaje shemeji yake mwenye duka la baiskeli? Ismaël hakulala usingizi mzuri. Akafungua ukurasa mpya kwenye tovuti yangu, akauita Salamu, akamsalimia humo kila mtu wa Kindu mwenye tovuti, kwa jina, kwa kiungo, na akina mama zao. Waliosalimiwa wakafurahi. Na hapa kwetu ukisalimiwa unarudisha, au wewe ni mtu gani? Kila mmoja akamwomba Ismaël amwekee ukurasa wake wa Salamu, amsalimie Sofia na wengine wote. Kinyozi akamsalimia fundi wa saa, fundi wa saa akamsalimia mwenye mashine ya kusaga, mwenye mashine ya kusaga akatusalimia wote. Mji mzima ulikuwa unapungiana mikono mtandaoni. Ismaël aling'aa.

Mwezi wa Ramadhani ulipokaribia tulikuwa tumezama. Uliandika "kulala Kindu" ukaona nyumba ya kila mtu isipokuwa yangu. Vyumba vikawa vitupu, na nilikuwa natandika mashuka yaleyale kila asubuhi ili tu mikono isikae bure. Ismaël akakaa na simu yake akisoma masharti ya ile mashine, akarudi kwangu uso umeshuka. Kumbe mashine ikiona watu wametajana kwa mafungu, wewe nitaje nikutaje, haiwezi kujua kwamba ni adabu. Inadhani ni hila.

Siku hizo Mardochée alikuwa anapita kutembelea baraza langu na kulipima kwa macho. Akatucheka, akasema sisi tunahangaika bure, yeye viungo amenunua, wako watu mtandaoni wanaviuza kwa mafungu. Akatuonyesha. Baa yake ilikuwa inatajwa na kurasa za dawa ya upara na za michezo ya kubahatisha, katika nchi ambazo hakuna anayejua mto wetu Lualaba unapita wapi. Na kweli alikuwa juu. Mimi nilitaka tununue siku ileile, siku zimebaki kidogo, nani atajua? Tukagombana hadi kuku akashuka kwenye foni. Ismaël aliningoja nimalize, kisha akasema, "Sofia, ile ni chumvi."

Nikamrudisha kuku kwenye foni kwa hasira.

Basi nikamshauri jambo rahisi. Hizo kurasa zote za Salamu alizitengeneza yeye, funguo zote anazo, azifute kimyakimya, wazee hawa hata hawafungui kurasa zao. Akanitazama kama nimemwambia aibe viatu msikitini. Akasema kiungo kilichoko kwa mtu ni cha huyo mtu, na kumfutia mtu salamu yake bila kumwambia njo wizi wenyewe. Atakwenda mlango kwa mlango, awaombe.

Fikiria sasa. Mtu aliyeishi kwa kusalimia anatoka nyumbani kwake, mwezi mtukufu, kwenda kuwaomba watu waache kumsalimia. Nilimfuata siku ya kwanza kwa sababu sikutaka kusimuliwa. Kwa Fadhili alianza na salamu, akauliza mke, watoto, injini ya mashua, akazunguka, akazunguka, mwisho akasema tafadhali niondoe kwenye Salamu zako, na mimi nitakuondoa kwenye zangu. Fadhili akauliza amemkosea nini. Ismaël akasema hajamkosea kitu, ni mashine. Fadhili akauliza mashine imemkosea nani. Hawa wa mchele hakuuliza, aliingia ndani akatuachia mbwa. Na kila alikopita alieleza kwamba hata wao wenyewe zile salamu zinawazamisha, na kila alikopita walijibu kwamba mtu akitaka kukutukana hakosi sababu.

Kwa baba mudogo Aboubakar alikwenda peke yake. Mimi nilishindwa. Alirudi, akaketi, akamwambia kuku "habari yako", na nikajua mambo yamekuwa mabaya. Baba mudogo alikuwa amesema atamwondoa, tena palepale, na asimwone tena barazani pake.

Futari ya siku zile tulikula wawili. Nilizoea sufuria kubwa, mtaa mzima unapita kuonja uji wangu, sasa hata mtoto wa jirani alikuwa anaitwa arudi kwao. Salamu zote zilifutika. Mashine ilitutoa kwenye shimo, ndiyo, lakini ilituacha katikati ya kundi, mahali ambapo hakuna mgeni anayefika. Idd ilikuwa inanukia, na Mardochée alileta mtu wa kupima nyaya za taa.

Kisha watu wakaanza kutusema.

Hasira ya Kindu haikai tumboni. Hawa aliandika kwenye ukurasa wake kwamba mchele unaoliwa kwa Sofia nyuma ya gare ni mchele wake, mchele mzuri, na kama umeupenda basi mshukuru Hawa wala usimshukuru yule bwana wa nyumba, maana hajui maana ya jirani. Akaweka kiungo, watu wamtambue. Fadhili alikwenda mbali zaidi. Alieleza njia, toka kwenye gati hadi mlangoni kwetu, unapita wapi, unakata wapi, ili yeyote atakayeshuka kwenye mashua yake aweze kwenda mwenyewe kumwambia Ismaël kwamba hana adabu. Akaongeza kwamba vyumba ni safi, asije akaitwa mwongo. Mwenye duka la baiskeli naye akaandika, na wengine, kila mmoja kwa maneno yake, kila mmoja na kidonda chake.

Ismaël aliyasoma akiwa ameshika kichwa. Halafu akaandika "kulala Kindu", akatazama, akaandika tena. Tulikuwa tunapanda. Nikamwuliza ni kitu gani hiki. Akasema hawa watu hakuna aliyewalipa, hakuna aliyewaomba, hawangoji tuwarudishie, na kila mmoja ana jambo la kweli la kumwambia msomaji wake. Masharti njo yanavyotaka.

"Masharti yanataka tutukanwe?" nikamwuliza.

Akasema yanataka kweli. Basi nikamwambia vizuri sana, muuza nyama hajakasirika bado, na yule wa petroli pia, aende kesho awakosee, tufike juu kabisa. Nilikuwa namaanisha. Akakataa, akasema tukipanga hasira ya watu itakuwa chumvi tena. Na huyu njo mtu niliyeolewa naye.

Baba mudogo aliandika wa mwisho, kwa Kifaransa chake cha mkuu wa gare. Aliandika habari ndefu ya treni na saa za kufika, kisha akawaonya wasafiri. Nyuma ya gare, alisema, iko nyumba ya marehemu kaka yake, maji yapo, vitanda vipo, samaki wa binti yao hana mwenzake, lakini mwenye nyumba alikuja kuomba aondolewe kwenye salamu za mzee, jambo ambalo yeye hajaliona katika maisha yake yote ya reli. Wale wapenda treni wa mbali wakasoma. Wakauliza hiyo nyumba ni ipi. Wakaitaja na wao.

Siku chache kabla ya Idd waliingia mafundi wa reli, chumba baada ya chumba, kisha wanunuzi wawili kutoka Lubutu, kisha mzee mmoja mgeni mwenye kofia ya treni aliyeomba kumwona kwa macho yule bwana asiyetaka salamu. Ismaël alimsalimia hadi chai ikapoa. Mardochée alifika baada ya futari na sanduku la taa zake, akakuta viatu vimejaa mlangoni na hakuna pa kukalia barazani. Nilimpa chai akanywa amesimama. Baa yake kwenye simu ilikuwa haionekani tena, na sikumwuliza, ingawa ulimi uliniwasha.

Ndugu zangu wa Kisangani walipiga simu kusema nyumba ibaki mkononi mwangu. Siku ya Idd nikavaa, nikamshika Ismaël mkono, tukaenda kwa baba mudogo.

Alikuwa ameketi mlangoni, mbuzi wake amefungwa kando. Alinipokea mimi. Ismaël alimpa bega. Nikamshukuru kwa aliyoyaandika, akasema hakuandika kwa ajili ya kutusaidia, aliandika kwa hasira. Kisha akaanza kusema bila kunitazama.

"Iko kitu sikuandika. Wakati ile ya vita, sisi wote tulikuwa tumekwisha kukusomea hitima, Sofia. Tulikula na pilau. Mimi niliacha kwenda kwenye foni, nilikuwa nimekuzika. Huyu tu njo aliendelea kuuliza, na hakukujua ata sura. Sasa muntu kama huyo anikatalie salamu, mimi?"

Hakuna aliyewahi kuniambia. Miaka yote hiyo nimemtukana yule mwanaume kwa ajili ya sabuni, na yeye hajawahi kunirudishia hilo hata siku moja tuliyogombana vibaya.

Ismaël akasimama kizingitini. Akakunja mkono karibu na mdomo kama ameshika kile chombo cha zamani, akaita: "Aboubakar, Aboubakar, hapa Ismaël. Unanipata?" Akamsalimia mzee. Akamsalimia mke wake, na watoto kwa majina, walio hapa na walio mbali, na wajukuu, na marehemu baba yangu, na waliokuwa wakikaa kwenye lile benchi wakafa kabla ya kupata jibu, mmoja mmoja. Alichukua muda wake. Majirani wakatoka nje, Hawa akiwa mmoja wao, wakasimama kungoja. Akamaliza: "A vu."

Baba mudogo akamtazama mbuzi wake. Nikadhani basi. Halafu akajipangusa uso kwa ncha ya kanzu, akaweka mkono wake mdomoni.

"Nakupata, Ismaël. Lakini umemuruka mbuzi. A vu."